Kiunga, Miaka 45 ya Bahari ya Wabajuni

Chazo ni samaki asiyependa kujichosha. Juu ya kichwa ana kitu bapa mfano wa soli ya kiatu, chenye mikunjo, nacho hujibandika kwa papa au kwa kasa akasafirishwa bure. Wavuvi wa Kibajuni, kutoka visiwa vya Kismayu hadi Kiwayuu, walimsoma samaki huyu mpaka wakamfanya chombo cha kazi. Walimkamata mzima, wakamfunga kamba nyembamba kwenye shina la mkia, wakamtunza majini ubavuni mwa mashua. Kasa alipoibuka kuvuta pumzi, chazo aliachiwa. Alikwenda moja kwa moja, akanata kwenye gamba. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya mkono na subira: kuvuta kidogo, kulegeza, kuvuta tena. Chazo akivutwa kwa nyuma ndivyo anavyozidi kushika, na kasa, mnyama mzito kuliko mtu, alifika kando ya chombo akiwa amefungwa na samaki wa urefu wa mkono.

Mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu ya Wabajuni wa kusini mwa Somalia, kikachapishwa mwaka 1955, na kuwaita watu hawa wavuvi wa Bahari ya Hindi. Hakukosea. Lakini hata kabla ya wageni kuandika, kasa alikuwa ndani ya maisha ya pwani hii: nyama yake iliwalisha watu, mafuta yake yalikuwa dawa, na magamba ya ng'amba yalivuka bahari kwenda Arabuni na Bara Hindi tangu enzi za mabaharia wa Kiyunani.

Ninaanza na chazo kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga, iliyotimiza miaka 45 mwaka 2024, haieleweki bila yeye. Watu wanaotembea ufukweni usiku wa manane kutafuta nyayo za kasa ili wamlinde ni wajukuu wa waliomvua kwa chazo. Ujuzi ni uleule. Wanajua kasa hupanda pwani ipi, na wanajua maji yakiwaje na mwezi ukiwa wapi. Hifadhi haikuleta ujuzi huo. Iliukuta pale, na kwa miaka mingi ya mwanzo haikujua kwamba ndio uliokuwa mali yake kubwa.

Mtu akitazama ramani ataona mstari wa visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe, mabaki ya mwamba wa kale, ukienda sambamba na bara kuanzia Kismayu kuelekea kusini: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, kisha mlango wa Burikavo wenye mikoko yake, kisha Ras Kiamboni. Hapo mpaka wa Somalia na Kenya hukata. Mstari wa visiwa haukomi. Unaendelea Ishakani, Kiunga, Mambore, Rubu, Mkokoni, mpaka Kiwayuu, na watu ni walewale, Kibajuni ni kilekile, makaburi ya koo ni ya pande zote mbili. Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1925 Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia nchi iliyo ng'ambo ya Mto Juba, kama malipo ya kuingia vitani upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mstari ukachorwa katikati ya mlango wa jirani na jirani. Mvuvi wa Chula aliyekuja kuoza binti Kiunga alijikuta amesafiri nchi za nje.

Bahari ya sehemu hii ina tabia yake. Wakati wa kusi mkondo wa pwani hukimbia kaskazini na mawimbi huwa makubwa hata vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya visiwa. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na mkondo unaopanda kutoka Tanzania, na maji ya baridi yenye rutuba huinuka kutoka chini. Kwa hiyo matumbawe ya Kiunga si yale ya picha za Watamu, yenye rangi tele na maji ya kioo. Yako mpakani mwa uwezo wao, yamechanganyika na mwani na nyasi za bahari, maji mara nyingi yana ukungu. Lakini chakula kimo. Ndiyo maana kamba-mti wa Kiunga na Kizingitini wana sifa mpaka Mombasa, ndiyo maana nguva, mnyama aliyekwisha karibu kila mahali pwani ya Afrika Mashariki, aliendelea kuonekana katika maji ya Lamu wakati kwingine amebaki hadithi, na ndiyo maana buabua huja kwa maelfu kutaga juu ya visiwa vitupu visivyo na paka wala panya.

Bara, nyuma ya visiwa, kuna jambo ambalo historia rasmi za hifadhi hulipita haraka. Mimi sitalipita.

Mgeni akifika Mkokoni au Kiunga kwa boti husifu utupu. Kilomita kwa kilomita za mchanga mweupe, matuta yenye majani, msitu unaoshuka hadi karibu na maji, hakuna nyumba. Huona kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa kabla ya mtu. Sivyo. Mnamo miaka ya 1950 pwani hii ilikuwa na vijiji. Wabajuni wa visiwani walivuka kila msimu kwenda bara kulima mtama, simsimu na pamba, na wengine waliishi hukohuko mwaka mzima na ng'ombe wao: Rubu, Mvundeni, Ashuwei, Simambaya, Mambore. Kisha Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vita vya waasi walioitwa shifta vilianza kaskazini mashariki, vikashuka hadi pwani. Vijiji vilivamiwa, vingine vikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Watu wakakimbilia visiwani, Ndau, Kizingitini, Rasini, na wengine wakaenda mbali zaidi, Malindi na Mombasa. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita kati ya serikali za Kenya na Somalia, lakini kwa mtu wa Ashuwei hakuna aliyekuja kumwambia rudi, shamba lako liko salama. Wengi hawakurudi.

Haikupita miaka kumi, msitu ulikuwa umekwisha kuyameza mashamba. Nyamera na nyati walikuwa wakilisha palipokuwa simsimu. Wataalamu wa wanyama waliopita walikuta nchi tupu iliyojaa uhai, na serikali ikatangaza mwaka 1976 hifadhi mbili za taifa: Boni, yenye kilomita za mraba 1,339, na Dodori, yenye 877, ambayo sababu yake kuu ilikuwa mazalio ya nyamera wa Lamu Mashariki. Mwaka 1979 ikafuata ya tatu, ya baharini: Kiunga, kilomita za mraba 250 za visiwa, miamba, mikoko na nyasi za bahari, kuanzia karibu na mpaka hadi Kiwayuu. Mwaka 1980 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya maeneo yake ya mtu na mazingira. Orodha yenyewe jina lake linamtaja mtu kwanza. Mtu alikuwa Kizingitini, mkimbizi ndani ya wilaya yake mwenyewe.

Sisemi haya kupunguza thamani ya kilichotengwa. Kilitengwa kwa wakati, na asiyeamini atazame pwani nyingine za Kenya ambako hoteli zimeota hadi ukingo wa maji na kasa hana pa kupanda. Nasema kwa sababu anayeilinda nchi lazima ajue kwa nini ni tupu. Asipojua, atamwona anayerudi shambani kwa babu yake kuwa mvamizi.

Hifadhi ilipewa daraja la kuweza kuishi na watu. Sheria ya Kenya hutofautisha baharini: ndani ya mbuga ya taifa ya bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya, mtu haruhusiwi kuvua kabisa, lakini ndani ya hifadhi ya taifa uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kwa hiyo mshipi, nyavu halali, madema na kupiga mbizi kutafuta kamba-mti viliendelea. Kwa miaka 17 ya kwanza, ukweli usemwe, hapakuwa na zaidi ya hapo. Hifadhi ilikuwa katika Gazeti Rasmi na katika ramani. Idara ya wanyamapori ilikuwa na vita vingine: kati ya 1973 na 1989 tembo wa Kenya walianguka kutoka takriban 167,000 hadi karibu 16,000, na majangili waliwinda pia ndani ya msitu wa Boni. Nani angetuma boti Kiunga kuhesabu mayai? Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, liliundwa kwa sheria ya 1989, likachukua mbuga na hifadhi zote, na hatimaye likaweka askari wake na kituo kule kaskazini. Mambo yalianza kusogea.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka. Kwa Wabajuni wa ng'ambo ulikuwa mwaka wa kuvunjika chungu. Watu wachache, bila ukoo wenye bunduki, waliporwa nyumba, vyombo na nyavu na kila kundi lililopita. Wakapakia majahazi, wakashuka kusini wakipita mbele ya visiwa vya Kiunga usiku na mchana, wengi wakaishia kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Baadhi walirejeshwa Koyama na Chula miaka ya mwisho ya tisini, wengine wako London na Cardiff mpaka leo wakiwaeleza maafisa wa uhamiaji Kibajuni ni nini. Bahari waliyoiacha haikupumzika. Meli kubwa za kigeni ziliingia kuvua bila kibali katika maji yasiyo na mlinzi, na samaki na kamba-mti wa miamba ya Burikavo wakachukuliwa na wasiojua hata jina la mahali. Kwa upande huo hapakuwa na hifadhi ya baharini ya kuitaja. Hata mbuga ya Lag Badana, iliyokusudiwa kuulinda msitu na wanyama wa bara kati ya Kismayu na mpaka wa Kenya, ilibaki jina kwenye karatasi kuliko ulinzi ardhini. Nusu ya mstari wa visiwa ilikuwa na sheria, nusu haikuwa nayo, na kasa aliyetaga Rubu alilisha Chovai.

Mwaka 1996 ndipo Kiunga ilipoanza kuwa taasisi kwa maana ya watu na kazi. Mfuko wa Mazingira Duniani, WWF, uliungana na KWS na idara ya uvuvi katika mradi wa pamoja, na wenye mradi wakafanya jambo la busara: waliwaajiri wenyeji. Mwaka uliofuata kuhesabu viota kwa utaratibu kukaanza, na kila aliyeripoti kiota alipata malipo kidogo. Kasa aliyekuwa fedha akiwa amekufa akawa na faida akiwa hai.

Kazi yenyewe ni hii. Vijana wawili watatu wanatembea mchanga mgumu ukingoni mwa maji, bila tochi inapowezekana, kwa sababu mwanga humrudisha kasa baharini. Wanatafuta alama: mfereji mpana, wenye mistari ya makasia pande mbili, kana kwamba trekta dogo limetoka majini. Mfereji ukipanda na haujashuka, mama yuko juu. Wanakaa. Anachimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akichota mchanga kama mtu anayechota unga kwa kiganja na kuumwaga kando, mpaka shimo lifike urefu wa mkono wa mtu mzima. Mayai hutoka mawili matatu kwa mpigo, meupe, laini, mfano wa mipira ya mezani yenye ute, na mara nyingi huzidi mia. Akisha kuanza kutaga hajali tena, na hapo ndipo anapopimwa gamba, na kama hana alama anabanwa kipande cha chuma chenye namba kwenye kasia la mbele. Akimaliza hufukia, hupigapiga mchanga kwa tumbo, hurusha mchanga ovyo ili kuwapoteza maadui, na anarudi majini huku macho yakitiririka. Watu husema analia. Anatoa chumvi, lakini hata anayejua hivyo hunyamaza kidogo akiona.

Kama kiota kiko chini ya alama ya maji ya bamvua, mayai huhamishwa usiku uleule. Yanabebwa bila kugeuzwa, yakazikwa upya juu zaidi kwa kina kilekile. Kina kina maana: joto la mchanga ndilo linaloamua dume au jike, mchanga wa moto ukizaa majike. Baada ya siku 55 hadi 60 vitoto hutoka kwa pamoja, mara nyingi usiku, vikikimbilia mwanga wa upeo wa bahari. Wanaohesabu husema kati ya elfu huenda mmoja akafika utu uzima. Kwa hiyo kila kiota kilichookolewa kwenye maji ya bamvua kina uzito.

Mradi haukuishia ufukweni. Nyavu za macho madogo, zinazozoa mpaka samaki wachanga, zilibadilishwa kwa nyavu halali. Kliniki za kuzunguka kwa boti zilianzishwa kwa sababu mama mwenye uchungu wa kuzaa Ishakani alikuwa mbali na hospitali kwa safari ya siku nzima. Wasichana walisomeshwa. Kuna walioshangaa, wakauliza kliniki na kasa vinahusiana vipi. Aliyewahi kulala njaa kijiji kisicho na zahanati hawezi kuuliza swali hilo. Kazi hiyo ya tiba kwa chombo ilipata sura mpya mwaka 2015 kwa Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar, mtoto wa Lamu.

Na kuna habari ya ndara. Mkondo wa bahari hutupa takataka za bara zima juu ya pwani hizi, na nyingi kati yake ni ndara za mpira, za kushoto na za kulia, za rangi zote. Mwishoni mwa miaka ya tisini mwanabiolojia wa bahari Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi Kiunga, aliwaona watoto wakizichonga kuwa mashua na vinyago vya kuchezea. Akawahimiza mama zao waziokote, wazioshe, wazikate, wauze. Kutoka hapo ikazaliwa biashara iliyohamia Nairobi na leo inajulikana kama Ocean Sole, na twiga na simba wa rangi rangi waliochongwa kwa ndara wamefika madukani Ulaya na Marekani. Wanunuzi wachache wanajua kwamba wazo lilitoka kwa watoto wa Kibajuni waliokuwa wakicheza. Ninalitaja hapa kwa ajili yao.

Maafa ya asili hayakungoja. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na Kiunga, ambako matumbawe tayari yaliishi kwa tabu, ilipoteza mengi. Mwanzoni mwa 2002, kabla miamba haijapona, maji yalibadilika rangi kwa mlipuko wa viumbe vidogo vyenye sumu, na samaki waliokufa wakaelea kutoka Somalia hadi Lamu. Wazee waliokuwa wakidhani wameona kila kitu hawakuwa wameona hilo. Miamba ilirudi polepole, si yote, si kwa sura ileile.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa binadamu. Septemba 2011 wageni walishambuliwa katika hoteli ya jirani na Kiwayuu, mmoja akauawa na mwingine akatekwa hadi Somalia. Mwezi uliofuata majeshi ya Kenya yalivuka mpaka. Septemba 2012 yalikuwa Kismayu. Hoteli zikafungwa. Mpeketoni ikashambuliwa Juni 2014, na Septemba 2015 operesheni ya usalama ya Linda Boni ikaanzishwa ndani ya msitu hasa, palepale palipotengwa kwa ajili ya nyamera. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Mtu asiye wa bahari huenda asielewe uzito wa neno hilo. Samaki wengi wa bei huvuliwa usiku, na kaskazi, msimu wa kuchuma, ni miezi michache tu. Familia zilizokuwa zikipata chakula kutoka hifadhi kwa halali ziliambiwa zibaki nyumbani, na barua ya marufuku haikuja na mchele.

Kutembea ufukweni usiku, kazi ambayo ndiyo moyo wa hifadhi, kukawa hatari mara mbili: unaweza kumkuta anayetega bomu, na unaweza kudhaniwa wewe ndiye. Hata hivyo kazi haikufa. Ilipungua, ikahamia fukwe zilizo karibu na vijiji, ikafanywa alfajiri badala ya usiku, lakini vitabu vya viota viliendelea kuandikwa. Ikiwa kuna kitu cha kusherehekea katika miaka 45, mimi ningesherehekea hicho kabla ya kingine chochote.

Hifadhi za jamii zilianza kuota pembeni. Mwaka 2007, bara upande wa Ijara, Wasomali wafugaji walianzisha Ishaqbini kwa ajili ya hirola, swala ambaye duniani kote idadi yake iko chini ya 500 na ambaye zamani alilisha pande zote mbili za mpaka, na mwaka 2012 walimzungushia ua dhidi ya wanyama wala nyama. Baadaye Waaweer wa msituni na wavuvi wa Pate na Kiunga nao wakaunda zao, zikishirikiana na muungano wa hifadhi za kaskazini ulioanza mwaka 2004. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikazipa nafasi rasmi. Kuna ubishi juu ya nani hasa anaamua ndani ya hifadhi hizi, wenyeji au wafadhili, na ubishi huo ni halali. Waaweer, waliokatazwa kuwinda tangu miaka ya 1970 na kuambiwa wakae kando ya barabara, wana haki ya kuuliza mara mbili kabla ya kutia saini karatasi yoyote yenye neno hifadhi.

Kisha ikaja bandari. Machi 2012 marais na mawaziri wakuu walikutana Lamu kuzindua mradi wa bandari na usafirishaji uitwao LAPSSET, na Mei 2021 gati ya kwanza ikafunguliwa. Iko kusini ya Kiunga, si ndani yake, lakini ardhi yote ya kaunti ilipanda bei siku mradi ulipotangazwa. Julai 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za makampuni 22 yaliyokuwa yamejitwalia takriban ekari 500,000 za Lamu. Nusu milioni ya ekari, katika kaunti ambayo mtu wa Ashuwei hana hati hata ya mbuyu wa babu yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, na mwaka 2019 baraza la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Kesi zote mbili zilisukumwa na wenyeji. Watu waliojifunza kukaa kwenye mikutano ya hifadhi, kusoma ripoti na kumuuliza afisa kwa heshima lakini bila woga, ndio waliokwenda mahakamani.

Ng'ambo ya Kiamboni sijasikia anayehesabu viota kwa utaratibu kama wa Kiunga. Koyama kuna watu, Chula kuna watu, misikiti imesimama, mashua zinatoka. Jubaland ina serikali yake Kismayu. Wavuvi wa pande mbili hukutana baharini, hubadilishana sigara, maji na habari za ndoa, na habari za kasa pia, kwa kuwa kasa aliyebanwa namba Kiunga huonekana huko na mvuvi aliyemwona husimulia. Hifadhi ya Kiunga haina mamlaka hata mita moja kaskazini ya mpaka, lakini ina jamaa kila kisiwa, na ninaamini kama kutakuwa na ulinzi wa bahari ya Wabajuni nzima, utaanzia kwenye mazungumzo hayo ya chombo kwa chombo kabla ya kufika mezani kwa serikali mbili.

Kiota kikisha kuanguliwa, mlinzi hungoja siku chache kisha hukifukua. Hupanga maganda juu ya mchanga kwa mafungu ya kumi kumi, huyahesabu, huweka kando mayai yaliyoharibika, hukitoa kitoto kilichonasa chini ya mizizi na kukiacha kitembee chenyewe hadi majini. Kisha hufungua daftari. Huandika tarehe, aina ya kasa, idadi ya maganda, na jina la ufukwe kama linavyoitwa na wenyewe. Rubu. Mvundeni. Hakuna nyumba huko sasa, ila visima vilivyojaa mchanga na makaburi. Jina linaandikwa, na chini yake idadi.